Vyungu vya Ikombe na Macho ya Mgeni

Mtu akialikwa kutembelea mahali pa kihistoria, aghalabu hutarajia kuonyeshwa majengo. Zanzibar ataonyeshwa milango ya Mji Mkongwe. Kilwa Kisiwani, magofu ya msikiti mkuu. Mazoea hayo si mabaya, kwani jiwe hudumu. Lakini tukiyapeleka kaskazini mwa Ziwa Nyasa, yanatupotosha.

Matembezi ya upande huo kwa kawaida huanzia Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Langenburg Mpya baada ya kuihama Langenburg ya kwanza, iliyokuwa ufukweni mwa ziwa. Mgeni huonyeshwa boma, misheni ya Rungwe iliyoanzishwa na Wamoravian mwaka 1891, na Daraja la Mungu katika mto Kiwira. Kisha huteremka Kyela hadi Matema. Mwishoni, muda ukiruhusu, hupanda mtumbwi kwenda Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, "kuangalia vyungu". Ni kama kwamba historia imebaki huko juu, na Ikombe ni mahali pa kupunga upepo tu. Mpangilio huo ndio ninaoupinga.

Utawala wa Wajerumani ulikoma Tukuyu mwaka 1916, majeshi ya Waingereza yalipoingia kutoka Nyasaland. Wanawake wa Kikisi hawakuacha kufinyanga. Basi, kati ya boma na chungu, ni kipi kilicho na habari ndefu zaidi?

Tukitazame chungu chenyewe. Mfinyanzi wa Kikisi hatumii gurudumu la kiwandani. Huweka udongo juu ya kigae, akakizungusha kwa mkono huku akiinua ukuta wa chombo. Kisha huukwangua na kuusugua kwa kokoto hadi ulainike. Ukuta hutoka mwembamba, na kitako cha mviringo. Mgeni huweza kukiona kitako hicho kuwa kasoro, kwa kuwa chungu hakitulii mezani. Lakini hakikufinyangwa kwa ajili ya meza. Kilifinyangwa kikae juu ya mafiga matatu na kupata moto pande zote. Anayedai kitako bapa apate kupangia maua anaomba chombo kingine kabisa.

Ndiyo maana naona ni heri mgeni aanzie Lyulilo, jirani na Matema, siku ya Jumamosi. Hapo vyungu huletwa kwa mitumbwi, vikauzwa kwa wachuuzi wanaovipeleka Mbeya na mbali zaidi. Hapo ataona kazi ikipimwa na watu wanaoijua.

Ataona pia hatari yake. Ndoo ya plastiki na sufuria ya alumini hazivunjiki zikianguka, na hatuwezi kumlaumu mama anayezipenda. Ila binti anayeona mamake akibembeleza bei ya jasho lake, tena na mgeni aliyelipia safari ya gharama kubwa, atajifunza ufinyanzi kwa matumaini gani? Ukuta wa boma ukibomoka, mafundi huujenga upya kwa picha na vipimo. Ufundi ulio mikononi ukikatika kizazi kimoja, picha hazitatosha kuurudisha.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni wa Ikombe aulize jina la chombo na kazi yake, alipe bei anayotajiwa, na akifika nyumbani akipikie maharage.