Kuujua Uyoga kwa Kidole Gumba

Wakati wa mvua, kando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya, akina mama hupanga ndoo na sado za uyoga wa manjano wa porini. Sisi abiria tunavutwa na rangi. Mchumaji haiamini rangi hata kidogo, na ufundi wake ndio ninaousifu hapa.

Anaanza na miti. Uyoga huu, ambao wataalamu huuweka katika jenasi ya Cantharellus, huishi kwa ushirika na mizizi ya miti hai ya miombo: mitundu, miyombo, mikusu. Mti huupa sukari, nao huupa mti maji na madini. Kwa hiyo huota ardhini, umetawanyika kwenye majani makavu. Rundo la manjano lililobanana juu ya kisiki anapita mbali nalo.

Kisha anaugeuza. Uyoga mwingi una matamvua membamba chini ya kofia, yamepangana kama kurasa za kitabu, ukiyapitishia kidole yanavunjika. Huu una mikunjo minene, butu ukingoni, inayogawanyika panda na kuteremka shinani. Huoni kofia inaishia wapi. Ukiukwangua mkunjo mmoja kwa ukucha, unatoka na nyama ya kofia, maana ni nyama ileile. Mama mzoefu hulipima hilo kwa kidole gumba huku anaongea na mwenzake. Halafu anauchana: ndani umepauka kuliko nje, na mara nyingi una harufu nyepesi ya tunda.

Lakini anayekariri alama moja atakwama. Mwaka 2012 Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walizitenga baadhi ya aina za Afrika katika jenasi ya Afrocantharellus, na aina hizo zina mikunjo iliyoinuka hadi inakaribia kuwa matamvua kamili. Hapo kidole gumba peke yake hakitoshi. Inabidi uujue kila uyoga kwa sura yake yote, na elimu hiyo binti huipata kwa kuongozana na mama au bibi yake msituni, msimu baada ya msimu.

Mchumaji namheshimu zaidi anapochimbua shina lote badala ya kulikata. Anatafuta pete shinani na mfuko chini yake, dalili za jamii ya Amanita, ambayo baadhi yake huua. Sumu hiyo huweza kukaa kimya saa sita au zaidi kabla ya kutapika kuanza, kisha ikashambulia ini, na kupika hakuiondoi. Eti uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kijiko cha fedha kitabadilika rangi: hayo si kweli. Mama akisita juu ya mmoja, hauweki hata pembeni mwa ndoo. Anauacha palepale, kwa kuwa mmoja huo unatosha kuharibu sufuria nzima.