Fuko wa Tatu Aliachwa Benchi

Ile ramani ya 2010 ya vipokezi vya homoni ya oksitosini katika ubongo wa fuko uchi na fuko wa Cape nimeitoa tena kabatini. Mnaifahamu, na najua wapo mnaosema mzee huyu sasa atupumzishe. Sitawapumzisha. Picha zake bado zinavutia, na uamuzi uliofanywa kabla ya picha ya kwanza bado ni mbovu.

Kilichonirudisha huko ni kifusi. Huku Usa River, mvua ikinyesha usiku, asubuhi unakuta udongo mbichi umesukumwa juu katikati ya migomba. Jirani yangu alikuta vifusi vitatu, na mgomba mmoja umemwegemea mwenzake kama mlevi. Akafukua njia ya chini kwa panga, akapinda kijiti kibichi, akafunga kitanzi mdomoni mwa shimo, akaenda zake kunywa chai. Kabla ya adhuhuri kijiti kilikuwa kimefyatuka. Fuko alikuwa na manyoya mazito ya hudhurungi, meno ya rangi ya chungwa yanayobaki nje hata mdomo ukifungwa, na vijicho kama punje za ulezi. Jirani hakutega tena pale. Shimo moja, fuko mmoja; hilo kila mkulima wa Meru analijua.

Kiswahili kinamwita huyo fuko, na kinamwita fuko vilevile yule wa rangi ya waridi asiye na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia, anayeishi na ndugu zake kwa makumi, wakati mwingine hata mamia, chini ya malkia mmoja. Lakini kwa nasaba hawa wametengana kabisa. Wa kwetu, Tachyoryctes, ana undugu zaidi na panya wa darini kuliko na fuko uchi. Kwa hiyo simdai mtu anipimie ubongo wa fuko wa migombani. Ninayemdai ni mwingine.

Kwanza haki itendeke: Kalamatianos, Coen, Faulkes, Bennett na wenzao, waliochora ramani ile, walifanya otoradiografia safi, yaani njia ya kuonyesha vipokezi kama weusi kwenye filamu. Kwa fuko uchi, sehemu ya ubongo iitwayo kiini akumbensi ilijaa vipokezi. Kwa fuko wa Cape, anayeishi peke yake na asiyetaka kumwona mwenzake nje ya msimu wa kupandana, palikuwa karibu patupu. Sehemu nyingine za ubongo, amigdala na CA1 ya hipokampasi, zikafuata mkondo huo huo. Koteksi ya piriformu ikageuza kibao: vipokezi tele kwa fuko wa Cape, hakuna kitu kwa fuko uchi. Wakapendekeza, kwa tahadhari, kwamba wingi ule wa akumbensi unaakisi maisha ya jamii na kulea watoto wa wengine.

Sasa tuje kwenye uamuzi wenyewe. Spishi mbili, basi.

Hebu tuhesabu mambo yanayowatofautisha fuko hawa. Mmoja ana manyoya, mwingine hana. Mmoja hutunza joto lake la mwili, mwingine huliacha lipande na kushuka na joto la shimo. Mmoja ni wa nchi ya mvua za kipupwe kule Afrika Kusini, mwingine wa nyika kavu za Pembe ya Afrika. Mmoja huzaa kwa msimu, malkia wa mwingine anaweza kuzaa mwaka mzima. Fuko uchi hata neva za maumivu kwenye ngozi yake hazina dutu P, neuropeptidi ambayo mamalia wengine wanayo. Juu ya yote, koo zao ziliachana miaka inayokadiriwa kufikia milioni 30 iliyopita. Filamu inaonyesha weusi huku na weupe kule. Ni tofauti ipi kati ya hizo iliyouandika weusi ule? Maisha ya jamii ni mshukiwa mmoja kwenye foleni ndefu, naye ndiye pekee aliyeitwa mahakamani. Ni sawa na kuchukua shamba moja la Tengeru na jingine la Mbulu, ukakuta mavuno yanatofautiana, ukasema ni jembe.

Fuko wa tatu alikuwepo. Heliophobius, fuko wa fedha, anaishi peke yake kama wa Cape, tena anaishi hapa hapa Tanzania, na Kenya pia. Kwenye mti wa ukoo ndiye aliyesimama mahali penyewe: tawi la fuko uchi lilichepuka kwanza, lake likafuata, na matawi ya Cape na wengine yakaja baadaye. Wa nne naye alikuwepo: fuko wa Damara, mwenye jamii na jike mmoja anayezaa, lakini aliyetoka upande wa ukoo wa Cape. Mwaka 1993 Jarvis na Bennett waliandika kwamba jamii ya malkia ilizuka mara mbili katika ukoo huu, kila tawi kwa njia yake. Ndiyo, Bennett huyo huyo.

Wapange wanne hao uone. Damara akijaa vipokezi kwenye akumbensi, na wa fedha akawa patupu kama Cape, hoja ya jamii imesimama kwa miguu yake. Lakini wa fedha akijaa huku anaishi peke yake, hadithi imekwisha: weusi ule utakuwa wa ukoo, si wa ujamaa. Kinachoniudhi ni kwamba waandishi wenyewe walikiri haijulikani kama kufanana kwa fuko uchi na voli wa mke mmoja, wale panya wadogo wa Amerika, ni urithi wa jeni za kale au ni njia mbili zilizokutana. Swali waliliona na wakaliandika. Mchezaji wa kulijibu wakamwacha benchi.

Najua utetezi utakaokuja. Vibali havipatikani kwa siku moja, ubongo unatakiwa ugandishwe mara tu mnyama anapokufa, na kila spishi mpya ni miezi ya kukata. Nimewahi kukaa katika maabara moja nikisubiri filamu, mtu akafungua mlango wa chumba cha giza kutafuta kalamu, na kazi ya wiki nzima ikawa kijivu. Naijua kazi hiyo, ndiyo maana sidai spishi kumi. Nadai wawili zaidi. Tena Faulkes si mgeni wa fuko wa fedha: mwaka 2011, yeye na Bennett, pamoja na Georgies Mgode wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walichapisha utafiti wa jinsi fuko huyo alivyotawanyika na kugawanyika.

Wa zamani hawakufanya hivi. Mwaka 1992 watafiti Insel na Shapiro walianza na voli wawili, wa mke mmoja na wa mitala. Hawakuridhika. Wakaleta jozi ya pili yenye tofauti ile ile ya maisha, na ramani ikajirudia. Kisha wakampima voli wa milimani aliyetoka kujifungua, wakakuta vipokezi vinahama ndani ya saa 24. Huko ndiko kumbana mshukiwa kila kona. Na Jennifer Jarvis, kabla hajaishangaza dunia mwaka 1981 kwa habari za malkia wa fuko uchi, alikuwa amechapisha na Sale mwaka 1971 ulinganisho wa mashimo ya fuko watatu wa Afrika Mashariki: Tachyoryctes, Heliophobius na Heterocephalus. Watatu! Karibu miaka 40 baadaye, na vifaa bora mara mia, tumerudi kwenye wawili.

Mtaniambia ni kosa la siku moja. Mwaka 2015 kikosi kile kile kikarudi kupima CRF na urokotini 3, peptidi nyingine za ubongo, pamoja na vipokezi vyao. Fuko uchi na fuko wa Cape. Wale wale.

Kuhusu redio zinazoita oksitosini homoni ya mapenzi nilishasema, na nitasema tena: filamu huonyesha kipokezi kimekaa wapi, haisemi kinafanya nini. Mwaka 2023 voli walioondolewa kabisa jeni la kipokezi hicho waliendelea kuoana kama kawaida. Onyo hilo linatuhusu sisi wachora ramani kuliko watangazaji.

Tangu ramani ile ya 2010 udongo wetu umezidi kutoa wachezaji. Mwaka 2017 Faulkes, Mgode na wenzao walitangaza fuko wawili wapya wa Tanzania, mmoja wa Mlima Hanang. Jenasi yao, Fukomys, imebeba neno letu lenyewe. Hao wa Hanang ni masalia, sitaki waguswe ovyo. Wa fedha yuko mashambani. Atakayechora ramani inayofuata aje na vibali na barafu kavu. Kumtega fuko, jirani yangu atamfundisha kwa kijiti na kamba.