Ridhaa ya Nani? Nafsi ya Kwanza katika Lugha ya Tiba ya Uraibu Mbele ya Mahakama: Usomaji kutoka Juani, Mafia

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumika pale mahakama inapompa mraibu wa heroini nafasi ya kutibiwa badala ya kufungwa. Yanajikita katika nafsi ya kwanza umoja: ni nani husema "mimi nakubali", na kauli hiyo humfunga kwa lipi. Simulizi ya Kua katika kisiwa cha Juani, pamoja na mazungumzo ya uganga wa pepo kisiwani Mafia, yanatumiwa kama vipimo vya uhakiki. Inadaiwa kwamba udhaifu wa lugha hiyo hautokani na uhaba wa istilahi, bali na kuchanganya tanzu tatu za kukiri katika hati moja.

Mwaliko na mlango

Katika kisiwa cha Juani, ng'ambo ya Ghuba ya Chole kutoka Utende, yamo magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Mgeni huoneshwa misikiti na kuta za jumba, kisha husimuliwa habari ya Kua na Kisimani. Simulizi hiyo ina matoleo kadhaa, lakini kiini chake hakibadiliki sana. Watu wa Kisimani waliunda chombo, wakawaalika wa Kua kwenye sherehe ya kukishua. Watoto wa Kua wakakamatwa, wakalazwa ufukweni na chombo kikapitishwa juu yao. Wa Kua wakanyamaza kwa miaka. Hatimaye nao wakawaalika wa Kisimani harusini, katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, mlango ukazibwa kwa mawe, wageni wakabaki ndani. Yapo matoleo yanayosema kwamba mzee mmoja wa Kua alibaki kuwazungumza wageni ili wasishtuke, akafa pamoja nao.

Kwa kawaida simulizi hii husomwa kama kisa cha kulipiza kisasi. Usomaji huo si kosa, ila unaacha jambo moja lililo wazi katika muundo wake: hakuna mgeni aliyeburutwa. Wote waliingia kwa miguu yao, wakiwa wamevaa nguo za harusi. Waliridhia. Walichokosa si uhuru wa kuingia bali habari ya namna ya kutoka. Kwa mhakiki wa lugha, hapo ndipo simulizi ya Kua inapokuwa na la kusema juu ya hati ambayo mraibu hupewa atie saini mbele ya hakimu.

Hati hiyo ina historia inayojulikana. Sheria ya India ya mwaka 1985 kuhusu dawa za kulevya, katika kifungu cha 39, inairuhusu mahakama, badala ya kumhukumu mraibu kifungo papo hapo, imwachie kwa ridhaa yake akatibiwe katika taasisi inayotambuliwa na serikali. Mraibu huweka dhamana, kisha hutakiwa kurudi mahakamani na taarifa ya matokeo ya tiba katika muda usiozidi mwaka mmoja. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 nayo ina utaratibu wa mahakama kuamuru mraibu aliyetiwa hatiani apelekwe katika kituo cha urekebishaji. Huko Marekani, tangu mahakama ya kwanza ya aina hiyo ilipoanzishwa Miami mwaka 1989, utaratibu umekwenda mbali zaidi: hakimu huzungumza na mshiriki ana kwa ana kila baada ya muda, humpongeza hadharani mkojo wake ukipimwa na kuonekana safi, na huweza kumlaza rumande siku chache ukionekana vinginevyo. Tanzania Bara imefika kwenye tiba kwa njia nyingine. Kliniki ya methadoni ya Muhimbili, iliyofunguliwa Februari 2011, ilipokea wagonjwa wake wa mwanzo kupitia asasi za kijamii zilizowafuata vijiweni. Hawakuletwa na karani wa mahakama.

Juani haichaguliwi hapa kwa sababu ya wingi wa waraibu. Inachaguliwa kwa sababu ni kisiwa kidogo, mbali na kliniki na mbali na mji wa mahakama, na kwa sababu Mafia imeandikwa kwa kina katika jambo linalohusika moja kwa moja na hoja hii: namna mgonjwa anavyohojiwa hadharani.

Dawa ya dawa

Kabla ya kufikia mahojiano hayo, yafaa kutazama neno moja. Kiswahili sanifu husema "dawa za kulevya", na kwa ufupi watu husema "dawa". Methadoni nayo ni dawa, tena ni ya jamii ileile ya afyuni. Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, nayo humzuia mtumiaji asipatwe na arosto. Kwa hiyo sentensi "mshtakiwa anaendelea kutumia dawa" ina maana mbili zinazopingana kabisa. Katika taarifa ya muuguzi ni sifa. Katika taarifa ya polisi ni shtaka. Hakimu asiye makini, au mkalimani mwenye haraka, anaweza kuichukua sentensi hiyo kutoka meza moja hadi nyingine bila kubadilisha hata herufi, na mtu akarudi gerezani kwa sababu ya utii wake.

La kushangaza ni kwamba lugha ya vijiweni haina tatizo hilo. Watumiaji wenyewe husema "unga" kwa heroini, "kete" kwa kipimo chake kinachouzwa, na "dozi" kwa methadoni. Kete ni neno la mchezo wa bao, unga ni neno la jikoni. Yote mawili yameazimwa kwa ufundi na hayachanganyikani na "dozi". Wapo wanaopendekeza kwamba lugha ya mahakama isafishwe na maneno kama hayo. Pendekezo hilo limekosea upande. Ikiwa kuna mahali ambapo istilahi za mitaani ni sahihi kuliko za wataalamu, ni hapa.

Hali ya neno "teja" ni ngumu zaidi. Maelezo yanayopendwa na wengi ni kwamba limetokana na ile sauti ya simu ya mkononi isemayo kwamba mteja hapatikani. Mraibu ni mtu asiyepatikana hata akiwa mbele yako. Iwe hiyo ndiyo asili yake au ni nasaba ya kubuni, kisarufi neno limepita mkondo unaofahamika: "mteja/wateja" limevuliwa kiambishi cha ngeli ya watu na kuwa "teja/mateja", kama "jitu" linavyotoka kwenye "mtu". Upatanisho wa kihai unabaki (teja huyu, mateja hawa), lakini heshima ya kiambishi imeondoka. Wahudumu wa kliniki wanaosisitiza kusema "mteja" wanakirudisha kile kiambishi, na hilo si jambo dogo. Mahakama haina neno hilo. Ina "mshtakiwa", "mtuhumiwa" na, akishindwa, "mfungwa".

Kukiri kwa namna tatu

Mtu anayeingia katika tiba chini ya uangalizi wa mahakama hutakiwa kukiri, na hapa ndipo kiini cha makala haya kilipo. Kitenzi ni kimoja. Tanzu ni tatu.

Utanzu wa kwanza ni wa kisheria. Kukiri kosa mahakamani ni tendo linalofunga jambo: likishatamkwa na kuandikwa, mjadala kuhusu tukio umekwisha, imebaki adhabu. Wakati wake ni uliopita. "Nilikutwa na kete."

Utanzu wa pili ni wa ushuhuda, ule unaosikika katika nyumba za upataji nafuu za Unguja, maarufu kama soba hausi, zinazofuata mafunzo ya hatua 12. Hapo mtu husimama mbele ya wenzake na kujitaja kuwa ni mraibu, hata kama ana miaka bila kugusa unga. Wakati wake ni wa sasa usiokoma. Kukiri hakumalizi jambo, bali kunalianza upya kila jioni. Inafaa kukumbuka pia kwamba "uraibu", katika matumizi ya zamani ya pwani, ni neno la tambuu na viungo vyake, kitu cha kumkaribishia mgeni. Uzito wa ugonjwa limeupata baadaye.

Hati ya mahakama hutaka mtu aseme yote mawili kwa saini moja. Anapoandika "mimi ni mraibu", mwanasihi husikia mwanzo wa nafuu, mwendesha mashtaka husikia kosa la jana na dalili ya kosa la kesho. Siku mtu atakapoteleza, tofauti hiyo itamdhuru. Wanenaji wa Kiswahili husema kuteleza si kuanguka, na katika uraibu wa afyuni kauli hiyo ina ukweli wa kitabibu: kurudia matumizi ni sehemu ya kawaida ya ugonjwa, nayo huhitaji dozi ipimwe upya. Hati, hata hivyo, haina kitenzi "kuteleza". Ina "kuvunja masharti".

Utanzu wa tatu haumo katika hati yoyote, lakini Mafia unafahamika. Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia katika miaka ya 1960, ameonesha katika kitabu chake cha mwaka 1997 jinsi maisha ya wanakijiji yalivyofungamana na pepo na waganga. Katika uganga wa namna hiyo, kama ulivyoelezwa sehemu nyingi za pwani, mgonjwa huitwa kiti. Mganga humhoji pepo mbele ya ndugu: jina lako nani, umetoka wapi, unataka nini. Pepo hujibu kwa kinywa cha mgonjwa, na husema "mimi". Ahadi hufanywa na pande zote: pepo atatulia, mgonjwa atatimiza masharti fulani, ndugu watagharimia. Mara nyingi pepo hafukuzwi. Hupatanishwa, na mapatano hayo huhitaji kutunzwa maisha yote.

Kwa umbo, huo ni usikilizaji wa shauri: yupo anayehoji, yapo mashahidi, upo utambulisho wa jina, yako masharti na zipo adhabu za kuyavunja. Tofauti iko katika nafsi. Katika baraza la mganga, "mimi" inayokiri siyo ya mgonjwa. Mgonjwa hupata nafasi ya kusimama kando ya ugonjwa wake, na ndugu hupata wa kuzungumza naye bila kumtukana mtoto wao. Aidha, tiba ya kupatanisha badala ya kufukuza inafanana na methadoni kuliko inavyofanana na lile sharti la "kuacha kabisa" linalopendwa na mahakama. Kitenzi chenyewe kina somo: mtu huacha, lakini mahakama humwachisha, na katika Kiswahili anayeachishwa hasa ni mtoto anapotolewa ziwa la mama yake. Vivyo hivyo, "ameridhia" si sawa na "ameridhishwa", ingawa saini chini ya karatasi ni ileile.

Pingamizi ziko mbili, na moja ina nguvu. Isiyo na nguvu husema kwamba heroini si pepo. Hilo halijadaliwi, kinacholinganishwa ni sarufi ya mahojiano, siyo chanzo cha maradhi. Yenye nguvu husema kwamba kumwondolea mraibu "mimi" ni kumwondolea pia uwajibikaji, na ridhaa bila mwenyewe si ridhaa. Ni kweli kwamba kiti akishapanda pepo hawezi kutia saini. Lakini uganga haukomei pale. Pepo akishatulia, mgonjwa huelezwa na waliokuwapo yaliyosemwa kwa kinywa chake, na ni yeye, akiwa na akili zake, anayebeba masharti nyumbani. Kuna nyakati mbili, na kati yake kuna maelezo. Mahakama humtaka mtu aridhie akiwa mahabusu, pengine akiwa katika arosto, mwili ukimuuma na tumbo likimharisha, kwa hati anayosomewa mara moja. Wakati mmoja tu, tena ule mbaya zaidi.

Kila siku

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania yalipokewa kwa furaha na wataalamu wa lugha, na yalistahili. Hata hivyo, hati ikitafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, mshtakiwa ataielewa kila sentensi bila kuuelewa mlango. Chukua sharti la kawaida kabisa: "Mshtakiwa atahudhuria kliniki kila siku." Dar es Salaam sharti hilo linamaanisha nauli ya daladala. Likisomwa Juani linamaanisha mashua hadi Utende, ambayo hutazama maji kujaa na kupwa kabla ya kutazama saa. Kisha barabara hadi Kilindoni. Na ikiwa kliniki iko bara, kivuko hadi Nyamisati na safari nyingine ya nchi kavu baada yake. Kwa kusikia tu, mtu wa Juani ataridhia, kwa sababu kila neno ni la Kiswahili na hakuna hata moja asilolijua. Kwa kutenda, ameridhia kuhama kisiwa, kuacha nyavu na kuishi kwa ndugu wa mjini, kama wapo, au kuvunja sharti siku ya kwanza ya upepo wa kusi mkali.

Hati iliyoandikwa kwa kuzingatia hoja hizi ingekuwa na mambo ambayo si mageni kwa yeyote aliyewahi kukaa katika baraza la mganga. Ingesomwa mara mbili, ya pili baada ya dozi za mwanzo kuutuliza mwili. Ingesomwa mbele ya ndugu watakaogharimia safari, nao wangeulizwa. Ingetenganisha "unga" na "dozi" kwa majina hayohayo. Ingeeleza, kabla ya saini, ni nini hufuata mtu akiteleza, na ni kwa neno gani anaweza kusema kwamba sasa anataka kutoka, arudi kwenye adhabu yake ya kawaida ambayo angalau mwisho wake unajulikana kwa tarehe.