Mbona pango la Shimoni halijibu

Ukishuka ngazi za pango la Shimoni, karibu kabisa na gati, piga makofi mara moja. Filamu zimetuzoesha kwamba pango lazima liitike. Hili haliitiki. Sauti inakatika papo hapo, utadhani umo chumbani mwa magodoro.

Mwangwi hutaka mambo mawili. Kwanza nafasi: sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde, na sikio huhitaji takriban sehemu ya kumi ya sekunde kuitenga sauti iliyotoka na iliyorudi, kwa hiyo ukuta uwe mita 17 hivi mbele yako. Pili, ukuta huo uwe mgumu na wenye uso laini. Hapa ndipo Shimoni inapokwama. Mwamba wake ni matumbawe ya kale, yamejaa matundu na meno. Sauti nyembamba ya mitetemo 3,400 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 10. Likigonga mashimo ya kadiri hiyo hutawanyika ovyo. Sauti nene ya mitetemo 100 ina wimbi la zaidi ya mita 3, haina habari na matundu hayo.

Halafu kuna zile nafasi za darini zinazoingiza mwanga. Wallace Sabine wa Harvard, aliyeanza mwaka 1895 kupima vyumba kwa filimbi ya ogani na mito ya viti, alilifanya dirisha lililo wazi kuwa kipimo chake cha ufyonzaji: sauti ikipita hapo, hairudi tena. Pango hili lina madirisha ya namna hiyo juu ya kichwa chako.

Sasa nenda Msikiti wa Kongo, Diani. Jiwe ni la jamii ile ile, ila mafundi walilifunika kwa chokaa, matundu yakazibwa. Imamu husali akiwapa maamuma mgongo. Sauti yake hugonga mihrabu iliyobonyea na kurudi nyuma kwenye safu. Kwangu mimi, ile lipu ndiyo ufundi wenyewe, hata kama wageni hupiga picha matao tu.

Lakini wako wanaoupenda ukuta mbaya wa Shimoni. Popo wanaokula wadudu hutoa sauti tusizozisikia. Kwenye mitetemo 50,000 wimbi lina milimita 7 hivi, dogo kuliko tundu la tumbawe. Kila jino la mwamba linalotupotezea sisi makofi huwarudishia wao habari.