Gunia na Jeraha

Gunia ni chombo cha soko na ghala. Hutiwa nafaka, hubebwa mabegani, likitoboka hutiwa kiraka, na likichakaa hutupwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Alberto Burri, mchoraji wa Italia, alilichukua gunia bovu, akalikata, akalishona, akalibandika juu ya turubai na kulitia rangi, kisha akalitundika ukutani mahali ambapo watu walizoea kuona sura za watakatifu na mandhari za mashamba. Wahakiki wakagawanyika mafungu mawili. Fungu moja lilisema kuwa kitu hicho ni takataka. Fungu la pili lilisema kuwa ni jeraha. Hukumu hizo huonekana kama mahasimu, walakini ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa zote mbili aghalabu zilitolewa kabla ya gunia lenyewe kutazamwa.

Chimbuko la neno jeraha haliko mbali. Burri alizaliwa mwaka 1915 katika mji wa Città di Castello, akahitimu utabibu katika Chuo Kikuu cha Perugia mwaka 1940, akaingia vitani akiwa tabibu wa jeshi. Mwaka 1943 alitekwa Tunisia, akapelekwa Marekani katika kambi ya wafungwa wa vita ya Hereford, Texas. Huko ndiko alikoanza kuchora. Aliporudi kwao mwaka 1946 aliuacha utabibu, akaishika sanaa mpaka kufa kwake mwaka 1995. Tabibu wa vita ameacha wagonjwa, sasa anashona magunia: hadithi iko tayari, na mhakiki mwenye haraka hahitaji zaidi ya hiyo.

Fungu la kwanza lilipata sauti hata bungeni. Mwaka 1959 seneta Umberto Terracini aliuliza katika Seneti ya Italia juu ya Grande Sacco, picha ya Burri iliyokuwa imetundikwa katika jumba la taifa la sanaa ya kisasa mjini Roma. Raia kuuliza juu ya kilichomo katika nyumba ya taifa lake si kosa. Kosa la fungu hili ni kudhani kuwa uduni wa kitu ni uduni wa kazi. Marumaru ni jiwe kabla ya kuwa sanamu, na wino ni masizi kabla ya kuwa shairi. Anayesema kuwa gunia ni gunia tu amesema kweli isiyofika mbali, kwa sababu hajaulizwa gunia ni nini, bali limefanywa nini.

Fungu la pili lilikuwa na elimu zaidi na upendo zaidi. James Johnson Sweeney, aliyekuwa mkurugenzi wa Jumba la Guggenheim mjini New York, alitoa kitabu juu ya Burri mwaka 1955. Humo aliyaeleza magunia kama nyama hai ivujayo damu, kisha ikaponywa na mkono uleule ulioijeruhi. Maelezo hayo ni mazuri, na uzuri wake ndio hatari yake. Wengi waliomfuata hawakuona tena uzi, waliona bendeji. Hawakuona tena rangi nyekundu, waliona damu. Kusikia si kuona, wasema wahenga. Na hapa kusikia kulikaa mahali pa kuona. Hata mwaka 2015, maonyesho makubwa ya Burri yalipofunguliwa katika jumba hilohilo, jina lake lilibeba habari ya jeraha.

Burri mwenyewe alilikataa shauri hilo. Mwaka 1955, katika maneno yake kwa ajili ya maonyesho ya Museum of Modern Art ya New York, alieleza kuwa maneno hayamfai kitu anapotaka kusema juu ya picha zake, na kuwa picha ni kitu kilichopo, kisichokubali kugeuzwa kuwa usemi wa namna nyingine. Lakini neno la mchoraji nalo si hukumu ya mwisho, maana mzazi hajui yote ya mwanawe. Shahidi aliye bora ni kazi.

Kazi hiyo husema nini? Mshono wa fundi wa nguo hutaka kuficha tundu. Mshono wa Burri huliacha tundu wazi, nao hupita kando yake kama mstari wa kalamu. Viraka vyenye kahawia mbalimbali hupimana uzito, na rangi nyekundu au nyeusi huchungulia kutoka nyuma ili kina kipatikane. Katika SZ1 ya mwaka 1949, kipande cha bendera ya Marekani kilichopigwa chapa juu ya gunia la msaada kimeachwa kionekane. Humo hamna mwili wa askari. Mna njaa ya Italia baada ya vita na mkono wa mgeni aliyelisha. Anayetafuta bendeji tu ataipita habari hiyo.

Tena, baadaye Burri aliyaacha magunia. Akachoma plastiki kwa moto, akaunganisha mabamba ya chuma, na katika miaka ya 1970 akatengeneza picha za udongo mweupe uliopasuka ulipokauka. Ikiwa mshono ni kumbukumbu ya hospitali, mipasuko hiyo ni kumbukumbu ya nini? Hadithi ya tabibu hufika ukingoni, lakini uangalifu wa ukingo, uzito na nafasi huendelea katika kazi zote.

Hapana shaka kitambaa kilichoraruka juu ya wekundu chaweza kumkumbusha mtu mwili wake, na asiyekumbushwa lolote amejinyima. Walakini kumbukumbu hiyo na ije baada ya macho kumaliza kazi. Maisha ya msanii yaitwe kutoa ushahidi, yasikalishwe katika kiti cha kadhi. Mhakiki aliyesema takataka alimdhulumu Burri waziwazi. Aliyesema jeraha kwa haraka alimdhulumu kwa sifa, na dhuluma ya sifa ni ngumu zaidi kuikatia rufaa.