Waya Ubebao Cheche

Ndege ya akina Wright iliporuka karibu na Kitty Hawk tarehe 17 Desemba 1903, betri ilibaki chini. Orville na Wilbur walitumia betri kavu na koili kuiamsha injini tu. Ilipokwisha kushika, kazi ya kutoa cheche ilichukuliwa na magneto iliyozungushwa na injini yenyewe, na ndugu hao wakaruka bila kutegemea umeme wa mahali pengine popote. Ndege ndogo nyingi zinazoruka leo bado zinafuata njia hiyo.

Magneto haimwombi mtu umeme. Sumaku inazunguka karibu na koili, vidole vya mkato vinaachana, cheche inaruka kwenye plagi. Betri ikifa, jenereta ikiungua, rubani akizima swichi kuu kwa kuhofia moshi, injini itaendelea kuunguruma. Injini kama Lycoming O-320, ambayo imo katika ndege nyingi za watu wawili na wanne, hubeba magneto mbili na plagi mbili kwa kila silinda, ili moja ikigoma nyingine imfikishe rubani uwanjani. Waya unaotoka kwenye magneto kwenda kwa rubani ni waya wa kuizimia: swichi inaugusisha na ethi, cheche inakufa. Waya huo ukikatika, magneto inabaki hai hata swichi ikiwa imezimwa. Ndiyo maana wanafunzi wa urubani hufundishwa kuiheshimu rafadha iliyosimama kana kwamba itazunguka wakati wowote. Hatari ya waya uliokatika inamkabili aliyesimama ardhini. Aliye angani hata hatajua.

Mfumo wa kuwashia wa kielektroniki umeyageuza mambo hayo. Sensa inasoma mhimili wa injini umefika wapi, kompyuta ndogo inapima kasi na kanieneo ya hewa inayoingia kwenye silinda, kisha inaamua cheche iruke lini. Magneto imefungwa kwenye pembe moja, mathalani nyuzi 25 kabla pistoni haijafika juu, iwe injini inapanda kwa nguvu zote au inatembea taratibu kwenye hewa nyembamba ya futi 10,000. Kompyuta huisogeza cheche mbele pale mchanganyiko wa hewa na mafuta unapohitaji muda zaidi wa kuungua. Injini inawaka upesi asubuhi ya baridi, matumizi ya mafuta yanapungua, na hakuna vidole vya mkato vya kulika. Klaus Savier wa Santa Paula, California, ameyaonyesha hayo kwa miaka mingi kwa ndege yake ya aina ya VariEze, muundo wa Burt Rutan, akitumia mfumo wa kuwashia anaoutengeneza mwenyewe.

Lakini mfumo huo unakula umeme wa ndege. Waya wake wa chakula ukikatika, au ukilegea, au ukishika kutu kwenye kichwa chake, cheche inakoma. Katika magneto, waya mbovu humnyima rubani uwezo wa kuizima injini. Katika mfumo wa kielektroniki, waya mbovu humnyima injini. Imani iliyokaa kwenye sumaku kwa zaidi ya karne imehamia kwenye kipande cha shaba kilichobanwa ndani ya kichwa cha bati, na aliyekibana ni mtu mmoja, kwa mikono yake, gereji kwake.

Mtu huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Nchini Marekani sheria inamruhusu raia kujijengea ndege, mradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe na watu wanaoijenga kwa ajili ya kujielimisha au kwa mapenzi yao tu. Paul Poberezny alianzisha chama cha watu wa namna hiyo, EAA, huko Wisconsin mwaka 1953, na tangu 1970 mkutano wao wa kila kiangazi umekuwa ukifanyika Oshkosh. Wengine wananunua seti ya vipande vya alumini, kama zile za ndege za RV zinazotoka Oregon, na kuvipigilia ribiti kwa miaka. Hufika siku mwili umesimama, mabawa yamefungwa, majirani wanakuja kupiga picha. Hapo mjenzi anaingia chini ya dashibodi, kichwa chini miguu juu, na kuanza kazi isiyopigwa picha na mtu.

Waandishi wa mambo ya ndege hupenda kusifu ribiti zilizonyooka na rangi inayong'aa. Mimi naona ufundi mkubwa zaidi umo kwenye viungo vya nyaya, kwa sababu uzuri wa kiungo umo ndani yake na hautazamiki kwa macho. Ribiti mbaya inajitangaza. Kiungo kibaya kinaweza kufanana kabisa na kizuri, rangi ileile, umbo lilelile, na kikapitisha umeme vizuri siku ya kwanza.

Wengi wetu tuliokua tukitazama mafundi redio tunaamini kiungo imara ni cha kulehemu. Lehemu ina heshima yake: ndani ya kisanduku, juu ya bodi isiyosogea, sioni cha kuipita. Waya wa kwenye injini una maisha mengine. Injini ya silinda nne inayokwenda mizunguko 2,400 kwa dakika inapiga mara 80 kila sekunde, na kila pigo linautikisa waya. Lehemu iliyoyeyuka hunyonywa kati ya nyuzi za shaba na kupanda chini ya ganda, mahali ambapo jicho halifiki. Ikipoa, kipande hicho kimekuwa kigumu. Pale ugumu unapokomea na ulaini kuanzia ndipo mapindo yote yanapokusanyika, na nyuzi zinachoka na kukatika moja baada ya moja. Wapo wanaolehemu kwa ustadi, kisha wakaufunga waya usipinde pale penye ugumu, na kazi yao hudumu. Ila lehemu isiyoshikiliwa, kwenye injini inayotikisika, ni deni litakalodaiwa.

Mafundi wa pwani yetu waliijua siri hii, kwamba kigumu hukatika penye mtikisiko, kwa njia nyingine. Mitepe ya Lamu na visiwa vya Wabajuni ilishonwa kwa kamba za makumbi, bila misumari ya chuma, na mbao zikaachiwa nafasi ya kucheza na wimbi badala ya kushindana nalo. Waya usiolehemiwa bali uliobanwa vizuri kwa koleo una tabia hiyo. Shaba inashikwa kwa nguvu mahali pafupi panapostahili, na nyuma yake nyuzi zinabaki laini, huku ganda likishikiliwa peke yake ili mtikisiko usifike kwenye shaba.

Kubana huku kulipata kampuni yake mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, pale Uncas Whitaker alipoanzisha Aircraft-Marine Products, ambayo baadaye ilijulikana kama AMP. Viwanda vya ndege na meli vilihitaji maelfu ya viungo vinavyofanana, vifungwe haraka, bila moto. Lagi, yaani vichwa vya kubania waya, zilizotokana na kazi ya kampuni hiyo ndizo wajenzi wengi wa ndege wanazoziamini hadi leo: nyekundu kwa nyaya nyembamba, buluu kwa za wastani, njano kwa nene. Ndani ya ganda la plastiki mna bomba la shaba lililopakwa bati, na katika aina bora mna bomba la pili linalokumbatia ganda la waya.

Kinachotokea ndani wakati wa kubana kinanipendeza kila nikikifikiri. Nguvu ya koleo inapita ile ambayo shaba inaweza kuihimili, na shaba inaanza kutiririka ingawa ni baridi. Nyuzi 19 za waya, zilizokuwa duara, zinasukumana hadi zinapata pembe. Zinaposuguana, utando wa oksidi unapasuka na metali safi inakutana na metali safi. Kiungo kizuri kikikatwa katikati, kikasuguliwa na kutazamwa kwa hadubini, nafasi kati ya nyuzi karibu zimetoweka. Hewa haiingii, unyevu hauingii, kutu haina pa kuanzia. Ukibana kidogo, mianya inabaki. Ukizidisha, nyuzi zinakatika au zinakonda. Katikati pana eneo dogo la haki, na mkono wa binadamu, hata uwe na uzoefu kiasi gani, haulipati kila mara kwa plaizi ya kawaida.

Ndiyo sababu koleo la racheti ni chombo cha kuheshimiwa. Likianza kufunga halifunguki mpaka limefika mwisho wa safari yake, kwa hiyo kiungo cha asubuhi na kile cha saa sita usiku hupata kani ileile. Plaizi za bei rahisi zinazouzwa pamoja na sanduku la lagi za rangi zimeharibu kazi nyingi nzuri. Mtu aliyetumia maelfu ya dola kununua mfumo wa kuwashia asione uchungu kununua koleo linalofaa, na meno yake yawe yametengenezewa lagi zile hasa anazozitumia.

Kabla ya kubana kuna kumenya. Kisu kinachoukwaruza uzi mmoja kati ya 19 kimeanzisha ufa ambao mtikisiko utaumalizia, kwa hiyo mjenzi makini huumenya waya, akautazama kwa lenzi, na akiona mkwaruzo anakata na kuanza upya. Waya wenyewe uwe wa ndege: shaba iliyopakwa bati, ganda la Tefzel linalostahimili nyuzi joto 150 za Selsiasi, lisilochubuka upesi. Kisha unakuja mtihani. Viwango vya kijeshi vya Marekani vinataka lagi kwenye waya wa geji 22 istahimili mvuto wa ratili 15, karibu kilo 7. Kwenye geji 18, ratili 38, zaidi ya kilo 17. Mjenzi hubana viungo vya mfano, anavivuta kwa mizani mpaka vinachomoka au waya unakatika, ndipo anagusa waya wa ndege. Haribu kumi mezani ili ukiamini cha kumi na moja.

Kwa waya wa chakula cha cheche, lagi ya duara ni bora kuliko ya uma: skrubu ikilegea, duara haliwezi kuchomoka. Waya huo hutolewa moja kwa moja kwenye betri kupitia breka yake, bila kupitia swichi kuu, ili rubani akizima umeme wote kwa sababu ya moshi, injini ibaki na uhai. Waya wa sensa huvikwa wavu wa kuzuia kelele za umeme, na wavu huo hufungwa ethi upande mmoja tu, kama mtengenezaji alivyoelekeza. Ipo pia mifumo yenye jenereta yake ndogo ndani, inayojilisha injini ikishafika kasi fulani. Wajenzi wengine huacha magneto moja upande wa pili, na sioni kama ni woga.

Ethi ndiyo inayosahaulika zaidi. Injini ya ndege hukalia mipira ya kuzuia mtikisiko, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo pasipo mkanda mnene wa shaba kati ya injini na mwili wa ndege, umeme unakosa njia ya kurudi. Mkanda huo ukilegea, umeme mkubwa wa kuiamshia injini hutafuta njia nyingine, hata kupitia kebo ya wenzo wa mafuta, na kebo ikapata moto. Mjenzi anayejua hukwangua rangi mpaka metali ing'ae pale lagi ya ethi inapokaa, anaifunga, kisha anapaka kinga ya kutu juu yake.

Halafu kuna kupanga njia. Waya unaopita kwenye ukuta wa kuzuia moto hupewa pete ya kuukinga na ukingo wa chuma. Kila baada ya kipande kifupi hushikwa kwa klampu yenye mpira, na karibu na koneta huachiwa kitanzi ili usivutwe. Wapo bado wanaofunga matita ya nyaya kwa uzi wa nailoni uliotiwa nta, fundo baada ya fundo, badala ya vibanio vya plastiki vyenye ncha za kuchana mikono. Ukitazama tita lililofungwa hivyo, mafundo yote upande mmoja, nafasi sawasawa, unajua aliyelifunga hakuwa na haraka.

Ndege ikikamilika na kukaguliwa, bado hairuhusiwi kwenda kokote. Huruka kwanza bila abiria katika eneo lililowekwa, kwa kawaida saa 25 au 40, na baada ya safari ya kwanza kifuniko cha injini huvuliwa. Mjenzi anapitia kila lagi kwa vidole, anatafuta alama ya rangi aliyoipaka kwenye nati kuona kama imepasuka, anaangalia ganda lililogusana na chuma. Akishapata cheti cha ufundi wa ndege hiyo, ataurudia ukaguzi huo kila mwaka yeye mwenyewe.

Na ndege hizi huuzwa. Atakuja mmiliki mwingine, miaka ishirini baadaye, ataingia chini ya dashibodi kichwa chini miguu juu akiwa na tochi. Ikiwa mjenzi wa kwanza aliitenda kazi kama nilivyoeleza, atakuta kila waya una namba ncha zote mbili, na ndani ya faili la ndege mchoro wenye namba zilezile, umeandikwa kwa mkono, pamoja na tarehe ya kila badiliko.