Bwana Mmoja kwa Watu Watatu

Neno "bwana" katika Kiswahili hubeba mizigo miwili: ni mwajiri kwa mtumishi, na ni mume kwa mke. Kijapani nacho kina neno "danna", lenye maana hizo hizo. Sijaona kazi iliyoufichua udugu wa maana hizi kwa uchungu kuliko filamu ya Kenji Mizoguchi, Chikamatsu Monogatari, ya mwaka 1954, iliyotokana na mchezo wa vikaragosi ulioandikwa na Chikamatsu Monzaemon mwaka 1715.

Tupo Kyoto, karne ya 17. Ishun ni tajiri mwenye idhini ya kuchapa kalenda. Hata makabaila humkopa. Osan, mkewe kijana, aliozwa kwake ili jamaa zake wasitirike kwa fedha. Mohei, fundi wake bora, ni mgonjwa, lakini huinuka kitandani kuimaliza kazi ya bwana. Otama, mtumishi wa ndani, hunyemelewa usiku na bwana huyo huyo.

Mkasa hauanzi kwa mapenzi. Unaanza kwa deni. Nduguye Osan anadaiwa, Ishun hatoi, na Mohei anajaribu kuutumia muhuri wa bwana ili amwauni bibi. Anagunduliwa. Usiku ule Osan analala mahali pa Otama ili amfumanie mumewe. Anayeingia ni Mohei, aliyekuja kumshukuru Otama. Wanakutwa pamoja, na hivyo wanahesabiwa wazinzi kabla hawajawa wapenzi. Adhabu yao ni kusulubiwa. Ishun, kwa kumvizia mjakazi, haguswi na sheria yoyote. Mwishoni anafilisiwa na kuhamishwa mji, naam, lakini kosa lake ni kuificha fedheha ya nyumba yake, si kuwadhulumu waliomo.

Kilele ni mashua katika ukungu wa ziwa Biwa. Mohei amekwisha kumfunga Osan miguu, tayari kuzama naye. Na kwa kuwa kifo kimefika, anathubutu kutamka kwamba amempenda siku zote. Osan, aliyekuja kufa, papo hapo anataka kuishi. Ndipo tunapofahamu kilichokuwa kimemziba Mohei kinywa: si haya ya mwanamume, ni adabu ya mtumishi. Hata baadaye, mlimani, anajaribu kumtoroka ili bibi apone, na Osan analazimika kumkumbusha kuwa yeye si mtumishi tena, ni mumewe.

Filamu hii ina dosari moja isiyonitoka moyoni. Mapenzi yakishashika njia, Otama anaachwa pembezoni, ilhali ndiye aliyedhulumiwa mwanzo. Mizoguchi, aliyewalilia wanawake wengi katika kazi zake, hapa amemlilia bibi zaidi ya mjakazi.

Wapenzi wanapitishwa mjini juu ya farasi, wamefungwa mgongo kwa mgongo, mikono imeshikana, nyuso zimekunjuka. Watazamaji wengi huuita huo ushindi wa mapenzi. Mimi naona kwamba katika mji mzima hapakuwa na chumba, karakana wala njia ambapo wawili hao wangeweza kushikana mikono hivyo, isipokuwa njia hii iendayo msalabani. Furaha yao ni ya kweli, na ndiyo hati ya mashtaka dhidi ya mji ule.